Tone la Daktari kwenye Karatasi ya Shule Yako

Yaya Sifa, dada yangu mkubwa,

Damu yake ninayo. Iko hapa mezani mbele yangu, imekauka, imekuwa na rangi ya kutu. Usishtuke, sijamuua. Ni tone moja tu la kidole cha mkono wa kushoto, na alinipa mwenyewe huku akicheka mbele ya watu. Lakini nilimtoboa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, hilo nakuambia wewe peke yako. Niliisukuma sindano mpaka nikaona midomo yake inakaza, na moyo wangu ukapoa kidogo kwa mara ya kwanza tangu tulipokuzika.

Samahani kwa mwandiko. Ungekuwa hai ungezungushia mistari hii kalamu yako ya kijani na kuniambia nianze upya. Wino unasambaa, herufi zinavimba, e na o zimekuwa kitu kimoja. Ni karatasi yenyewe. Nitakuambia mwishoni kwa nini nimeichagua hii, ingawa nadhani umekwisha kuitambua, maana mikono yako iliigusa kabla ya yangu.

Nianze na habari za nyumbani. Mama amehamia chumba chako na hataki mtu asogeze kitanda. Darasa lako wamempa kijana mmoja ambaye anawaimbisha watoto nyimbo za Chama mpaka jua linapanda, ndipo wanafungua daftari, na ikifika saa sita hawajajua hata tarehe ya leo. Mimi navaa kandambili zako. Zinanibana lakini navaa. Kila asubuhi navuka mto kutoka Lubunga kwenda kazini, na mpiga kasia bado anajisahau na kuniuliza, "Na mwalimu?" Halafu anakumbuka, anageuza uso upande wa maji, na mimi najifanya sikusikia. Siku moja nilimjibu kwamba mwalimu yuko darasani. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nililia mpaka ng'ambo.

Na yeye, daktari wako? Yeye alinenepa. Vifungo vya abacost yake, ile suti ya Chama isiyo na tai, vilikuwa vinalia. Kila asubuhi uani mwa hospitali, kabla ya kazi, alisimama mbele yetu na beji ya Chama kifuani, tukapiga makofi na kuzungusha viuno kumsifu Mwongozi wa nchi, na mimi nilikuwa nacheza huku namtazama shingoni. Nilikuwa nachagua mahali. Astaghafiru, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwanamke uliyemfundisha kusoma alikuwa anacheza na kuchagua mahali pa kumkata mtu.

Uliondoka bila kuelewa vizuri jinsi walivyokuamulia. Siku ile uliuliza swali moja tu, na hukujibiwa. Kwa hiyo nikueleze pole pole, kama wewe ulivyokuwa unawaeleza watoto hesabu za kugawanya.

Kansa ya mlango wa kizazi, kama ile yako, inatibiwa kwa mionzi. Mashine ya mionzi kwetu Kisangani haipo, iko Kinshasa. Ndege ya mizigo ilikuwa inatupa nafasi mbili kwa mwezi, na wagonjwa walikuwa wengi kuliko nafasi. Lazima mtu aseme nani anakwenda. Mtu huyo alikuwa yeye, Dokta Kalamu, jina ambalo wagonjwa walimpa kwa sababu ya ile kalamu nyekundu. Alikuwa na msemo wake, aliurudia kila Jumanne: "Uvimbe iko kama mutoto wa shule. Kuko ule anasikia, na kuko ule anakataa kusikia." Wale ambao uvimbe wao ungesikia mionzi waliandikiwa OUI, ndiyo. Wale ambao usingesikia waliandikiwa NON, hapana, wakarudi kwao. Ndiyo maana wanawake kwenye benchi walikuwa wanaulizana kwa sauti ndogo, "Ya kwako inasikia?" kama vile wanaulizana habari za watoto.

Sasa, alijuaje? Hapa sitamsingizia. Jambo alilolishika ni la kweli, nimelisoma mwenyewe katika vitabu vya shule yetu ya laboratwari. Mionzi inaua uvimbe vizuri pale ambapo damu inaleta hewa ya kutosha. Mgonjwa ambaye damu yake ni dhaifu, uvimbe wake unakaa bila hewa, na mionzi inapita juu yake kama mvua juu ya bati. Kwa hiyo ukipima uzito wa damu kabla ya safari, unaweza kukisia kwa sehemu kama uvimbe utasikia. Kwa sehemu, Yaya. Yeye aliifanya kuwa hukumu. Kuna pia njia ya kumwongezea mtu damu kwanza, kisha kumpeleka. Hiyo hakutaka kuisikia, kwa sababu damu ya kuongeza ilikuwa ya shida na ndege haisubiri.

Na aliyekuwa akimpimia wagonjwa damu ni mimi. Kifaa chetu kilikuwa kijitabu kidogo chenye karatasi za kunyonya, na kadi yenye vipande kumi vya wekundu, kuanzia rangi ya maji yaliyooshewa nyama, hicho ni cha kwanza, mpaka wekundu mzito kabisa, cha kumi. Unatoboa kidole, unagusisha tone kwenye karatasi, unasubiri lising'ae tena, unalilinganisha na kadi karibu na dirisha. Chini ya kipande cha tano alikuwa haulizi kitu kingine. Kalamu nyekundu, NON.

Unakumbuka siku karatasi za kijitabu zilipokwisha? Nilikuja kwako shuleni wakati wa mapumziko. Nilikuwa nimemwambia Dokta kwamba karatasi zimekwisha na za kuagiza hazijulikani zitafika lini, naye alinijibu bila kuinua macho, "Buvard njo buvard, citoyenne. Article quinze." Yaani tujitafutie wenyewe, kama nchi nzima ilivyokuwa inajitafutia. Nikakumbuka kabati lako. Ulikuwa na rundo la buvard nyeupe, zile za kukaushia wino, nene, nzuri, zilizobaki tangu enzi za masista. Ulinipa rundo zima, ukasema wanafunzi wako siku hizi wanaandika kwa Bic na hawajui hata wino ni nini. Halafu ukanitania, "Beba na chaki, mufundishe hiyo damu yenu kuandika." Tulicheka mpaka mkurugenzi akachungulia dirishani. Ulikuwa mzima wakati ule. Ama tulidhani.

Miezi mitano baadaye ulikuwa kwenye benchi la Jumanne, na kitambaa changu cha kijani kichwani, kwa sababu chako ulikuwa umekikalia, kimelowa damu.

Nilikutoboa mimi mwenyewe. Tone lako lilisambaa kwenye karatasi, pana, likapauka. Nilipeleka dirishani. Kipande cha nne. Nikageuza kadi, nikaweka tena. Cha nne. Nilirudi nikainama kama nafunga kidole chako, nikakuambia sikioni kwamba nitasema cha sita, hakuna atakayejua. Na wewe, Yaya, wewe na uadilifu wako ambao nimeulaani mara ngapi sijui, ulinishika mkono, ukasema, "Feza, usinipatie points ya bule. Soma kile unaona."

Nikasoma nilichokiona. Nilisema cha nne kwa mdomo wangu huu. Yeye akaandika. Uliuliza, "Docteur, na kama baniongezee damu?" Alikwisha kumwita mwingine.

Mwezi ule nafasi moja alipata mwanamke wa Yangambi, na nyingine mke wa mkubwa mmoja wa Chama. Wewe ulirudi Lubunga kwa mtumbwi, ukiwa umekaa juu ya mto wa sufi tulioazima. Uliendelea kusahihisha madaftari kitandani kwa wiki tano. Sitaki kuandika kuhusu wiki zilizofuata. Wewe ulikuwepo.

Baada ya matanga nilirudi kazini kwa ajili ya kitu kimoja, kumchukia kwa karibu. Nilitaka nijue anakula nini, analala wapi, anaogopa nini. Nilikuwa najiambia kwamba alimpendelea mke wa mkubwa, na wewe alikutupa. Basi. Hilo lilinitosha kama sababu. Nilianza kuandika majina ya wote aliowaandikia NON, nikifikiri siku moja nitayasoma kwa sauti mahali ambapo hawezi kunizima. Kati yao alikuwepo Mama Afeko wa Banalia. Alikuja mwezi mmoja baada yako, ugonjwa uleule, na furushi la samaki wa kukaushwa alilokuwa amemletea daktari. Nilimtoboa kidole. Cha nne. NON. Alinigawia samaki mmoja mimi pia, akapanda lori akarudi kwao kungoja. Yule samaki sikumla. Nilimtupa mtoni wakati wa kuvuka.

Kisha akarudi mke wa mkubwa. Alikuwa ametoka Kinshasa, amepona, amevaa kitenge kipya cha wax, ananukia. Nilitaka kumchukia lakini alikuwa ananipa shida, kwa sababu alikuwa mtu mwema, anasalimia kila mtu mpaka mfagizi. Aliletwa kwangu kupimwa damu ya kufuatilia. Nilipochukua karatasi alishangaa. "Aka! Leo munatumika na karatasi? Ile siku Docteur alinipima na ka-tube ya kioo."

Nikamwuliza ka-tube gani. Akanieleza kwa mikono. Bomba dogo, damu inawekwa ndani na dawa kali, kisha maji tone kwa tone mpaka rangi ilingane na kioo cha pembeni. Alimpima yeye mwenyewe, ofisini kwake, mlango umefungwa. Alikitoa kabatini, akakirudisha, akafunga na ufunguo.

Yaya, mimi kifaa hicho nilikijua tangu shuleni. Niliambiwa nilipoajiriwa kwamba chetu kilivunjika zamani. Kumbe kilikuwa kizima. Alikuwa anakiweka kwa wakubwa, kwa sababu dawa yake ilikuwa chache, na sisi wengine tukasomwe kwenye karatasi.

Lakini hata hapo sikuelewa. Nilijiuliza, kama karatasi inasema kweli, kwa nini ajifiche na bomba? Nikakaa na swali hilo siku nzima. Kesho yake wakati wa chakula, wenzangu wamekwenda kununua chikwangue za muhogo, nilichukua gamba la kile kijitabu cha zamani. Ndani, nyuma kabisa, kulikuwa na karatasi moja ya asili iliyokuwa imeshikwa na unyevu ikabaki. Niliibandua kwa wembe. Nikajitoboa. Tone moja juu ya karatasi ya asili, tone jingine la kidole hichohicho juu ya buvard yako.

La kwanza, kipande cha nane. La pili, cha tano.

Nilikaa chini kwenye sakafu. Nilijitoboa vidole vinne, mpaka karatasi ya asili ikajaa. Kila mara ilikuwa hivyo hivyo. Buvard ya shule ni nene, ina kiu, inaivuta damu na kuitawanya, na damu iliyotawanyika inaonekana dhaifu. Miezi yote ile nilikuwa nawapima wagonjwa tu. Hakuna aliyeshangaa, maana nani anashangaa mgonjwa akiwa na damu nyeupe? Katika hospitali nzima hakuna aliyewahi kumtoboa mtu mzima, anayekula vizuri, akaweka tone lake pale.

Cha nne chako huenda kilikuwa cha saba. Huenda cha sita. Ule uongo niliotaka kukusemea ulikuwa karibu na ukweli kuliko ukweli niliousema. Na huenda ulikuwa mweupe kweli, ulikuwa unatoka damu nyingi, labda hata bomba lingesema NON. Sitajua. Hilo ndilo linalonikereketa. Amenichukulia hata kujua.

Karatasi ulinipa wewe. Niliyeibeba ni mimi. Nilirudi nyumbani siku hiyo sikuweza kumtazama Mama. Nilitaka kujitupa mtoni, nakuambia kweli, pale katikati ambapo maji yanazunguka. Halafu nikamkumbuka yeye na ufunguo wake. Mimi nilikosea bila kujua. Yeye alijua kwamba karatasi ni ya kubahatisha, ndiyo maana watu wake hakuwaweka juu yake. Nilimwambia karatasi zimekwisha, akasema buvard ni buvard. Hasira iliniinua. Sitasema uongo kwamba ni Mungu, ilikuwa hasira.

Nikatuma ujumbe Banalia kwa dereva wa lori: Mama Afeko arudi haraka, asije kwa daktari, aje kwangu.

Ilitokea kwamba wiki ileile walitangaza ugeni. Maprofesa wawili kutoka Kinshasa wanakuja kuona "njia ya Dokta", jinsi mtu anavyoweza, bila mashine za wazungu, kwa tone la damu na karatasi tu, kusema ni uvimbe gani utasikia mionzi. Alikuwa ameandika ripoti. Ukuta ulipakwa chokaa. Tulifanya salongo, ile kazi ya lazima, mara mbili, tukang'oa majani mpaka nyuma ya choo. Alinunua kalamu mpya nyekundu.

Siku yenyewe, saa nne asubuhi, ukumbi ulijaa. Wauguzi, wanafunzi wa udaktari, mke wa yule mkubwa kwenye kiti cha mbele kama ushahidi wa kupona. Mama Afeko alikuwa kwenye benchi la nyuma, amekonda, amevaa kitenge chake kizuri. Dokta alizungumza kwa muda mrefu kuhusu akili ya Mzaire. Kisha akanigeukia, "Citoyenne Feza, onyesha bageni."

Ungejivunia. Nilikwenda moja kwa moja mpaka mbele yake na sinia langu, nikasema, "Docteur, tuanze na weye. Baone damu ya mutu muzima."

Watu walicheka. Yeye pia alicheka, akakunja mkono wa abacost, akanyoosha kidole kama mtu anayevishwa pete. Hapo ndipo nilipomtoboa. Nikaweka tone juu ya buvard yako. Lilisambaa taratibu. Sikulisoma mimi. Nilimpa profesa mzee karatasi na kadi, nikamwonyesha dirisha. Alitazama, akavua miwani, akaivaa tena. "Cha nne," akasema. Kisha kwa upole kabisa, "Confrère, unagonjwa?"

Kwanza waliendelea kucheka. Kisha kicheko kikapungua kiti kwa kiti, kwa sababu mbele yao alisimama mtu ambaye vifungo vyake vilikuwa vinalia kwa shibe. Nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo kwamba kwa sheria ya chumba hiki Dokta ameandikiwa NON, uvimbe wake hautasikia, arudi kwao akangoje. Nikasema bomba la kupimia lipo kabatini na ufunguo uko mfukoni mwake wa kulia. Mke wa mkubwa alifunua mdomo, akajishika kifua, akasema mbele ya wote, "Njo ile ka-tube banatumikaka kwangu."

Yaya, uso wa Dokta! Nilitamani uwe hai kwa dakika moja tu uuone, halafu urudi ulikokuwa ukitaka. Nilifurahi. Nisikilize, mimi si mtu mbaya, lakini furaha ile ilikuwa tamu na sitaitubu.

Alikuwa na jiwe moja bado la kunitupia. Alinitazama, akauliza taratibu, "Bon. Na ni nani alileta hiyi karatasi?"

Nikasema ni mimi, na aliyenipa ni dada yangu mwalimu, na yeye mwenyewe, Dokta, aliambiwa kwamba za kijitabu zimekwisha. Akatabasamu. "Donc ni weye njo uliua dada yako."

Nilikuwa nimejiambia maneno hayo kila siku tangu ile sakafu, kwa hiyo hayakunikuta mgeni. Nikamjibu, "Ndiyo, Docteur. Miye na weye."

Profesa mzee aliomba ufunguo. Bomba lilitolewa, lilikuwa limefungwa vizuri kwa flaneli. Walimpima Mama Afeko pale pale, na mimi ndiye niliyeongeza maji, tone kwa tone, nikihesabu kwa sauti yako. Damu yake ilitosha. Uvimbe ulikuwa umekua katika miezi ile ya kungoja, profesa hakumficha, akamwambia hawezi kuapa kwamba utasikia, ila anakwenda. Ameshakwenda. Ndege ya Alhamisi. Alinipa samaki mwingine, na safari hii nilimla mzima, hata kichwa.

Usidhani imeisha vizuri. Dokta Kalamu bado yupo. Watu wa Chama hawafukuzwi kwa sababu ya karatasi. Ripoti yake imerudishwa, Jumanne sasa wanakaa madaktari watatu, bomba liko mezani kwangu, na wanafunzi wakimwona kwenye barabara ya hospitali wanasema "cha nne" chini ya pumzi, kisha wanakohoa. Amepungua. Nimesikia ameacha kula nje. Lakini anaamka kila asubuhi, anapiga mswaki, anavaa, na wewe hapana. Hapo kisasi changu hakijafika hata nusu. Mimi nimepata barua ya kuhamishwa, nakwenda zahanati ya Basoko na boti ya wiki ijayo, kwa "utovu wa heshima mbele ya wageni". Mama amelia, kisha akanikaangia ndizi za njiani siku saba kabla ya safari.

Dokta alituma mtu kuomba ile karatasi yenye tone lake. Nilimwambia ameze mate.

Sitamsamehe, Yaya. Watu wa msikitini wameniomba, Mama ameniomba, na sitamsamehe, hasa kwa niaba yako, maana wewe ungemsamehe haraka sana na ningekosa la kufanya. Nakuahidi hivi. Ana mwili, na mwili siku moja unaumwa. Siku hiyo nitakuwa nimerudi, nitahakikisha nimerudi, na atakaa kwenye benchi lile. Nitamtoboa kwa sindano safi, nitampima kwa bomba, bila haraka, bila kumpunguzia na bila kumwongezea. Nitasoma ninachokiona, kama ulivyoniambia. Kikiwa kizuri nitasema ni kizuri, na ataishi akijua aliyemsomea ni nani. Nataka aogope siku hiyo kila asubuhi akivaa viatu, mpaka ifike.

Mimi pia unidai. Sikuachii unisamehe kirahisi.

Sasa karatasi. Zilibaki saba za rundo lako, pamoja na ile yenye tone lake, na nilizitoa hospitali siku nilipokabidhi funguo, kwa sababu najua watu wetu. Bomba litavunjika, dawa itakwisha, na mtu atasema buvard ni buvard. Kwa hiyo nimekuandikia juu yazo. Zote saba, mbele na nyuma, mpaka pembeni, nimebakiza mduara mmoja mdogo tu karibu na tone lake. Hapo nimejitoboa, nimeweka la kwangu. Mtu mwingine hatapimwa tena kwenye karatasi hii.

Lala, mwalimu. Kesho navuka kuja kaburini kwako kabla ya boti, nitang'oa majani, na kandambili zako nitakuja nazo miguuni.

Mdogo wako,
Feza